Uzi: Visima vyetu vinajulikana dunia nzima, mbona pampu bado zimekufa?

Kichanja (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Mimi ni mjumbe kwenye chombo cha watumia maji huku kijijini kwetu. Tumeletewa pendekezo: shirika moja linataka kutufungia vihisi kwenye pampu za mkono. Pampu ikiharibika itatuma taarifa yenyewe, na sisi tutaiona kwenye ramani ya simu ikiwa imegeuka nyekundu. Wasilisho lilipendeza, na "maendeleo endelevu" yalitajwa mpaka wazee wakaanza kusinzia. Wenzangu wanataka tusaini. Mimi moyo unasita, na ninaomba mnisaidie kupima kama kusita huku kuna maana au ni uzee unanijia mapema.

Sababu yangu ni hii. Taarifa za visima nchi hii tunazo tangu zamani. Kati ya 2010 na 2013 lilifanyika zoezi la kuorodhesha vituo vya kuchotea maji vijijini nchi nzima. Watu walizunguka na GPS kijiji kwa kijiji, wakaandika kila kitu: aina ya pampu, aliyefadhili, mwaka wa ujenzi, nani anasimamia, watu wanalipaje, maji ni ya chumvi au baridi. Baadaye sehemu ya orodha hiyo ikawekwa kwenye jukwaa la mashindano ya data linaloitwa DrivenData. Vituo 59,400 vya Tanzania viko pale, na mshindani anatakiwa abashiri kipi kinatoa maji na kipi kimekufa. Ukipekua mtandaoni utakuta wanafunzi wa mabara yote wamejifunzia kazi kwenye visima vyetu na wanajivunia alama walizopata.

Na orodha inasema nini? Asilimia 54 vilikuwa vinafanya kazi. Asilimia 7 vilitoa maji lakini vilihitaji matengenezo. Asilimia 38 havikufanya kazi kabisa, yaani zaidi ya vituo 22,000. Kwa hiyo tulijua. Tulijua kijiji, tulijua kitongoji, tulijua hata aina ya pampu. Sasa kama kujua kungetosha, si tungeshamaliza?

Ndiyo maana nauliza: hivi vihisi vitatufanyia nini ambacho orodha ile haikufanya? Wenye uzoefu karibuni. Wa matusi pia karibuni, ila muwe na hoja.

Chuma Ulete

Mkuu umeshajijibu mwenyewe. Hizo ni dili za watu. Mzungu anapata ripoti, kijana wa mjini anapata posho, wewe unapata ramani. Saini upate chakula cha mchana, maisha yaendelee.

Mchambuzi Mtaani

Chuma Ulete, tuheshimu uzi kidogo.

Kichanja, mimi ni mmoja wa hao waliojifunzia kazi kwenye seti hiyo ya data, kwa hiyo naijua ndani nje. Kwanza nikuchekeshe. Kuna vituo 1,812 ambavyo longitudo yake imeandikwa sifuri na latitudo nayo ni kama sifuri. Ukivichora kwenye ramani vinaangukia Ghuba ya Guinea, baharini kabisa. Visima vyetu vya vijijini vinaelea Atlantiki! Halafu zaidi ya 20,000 mwaka wa ujenzi umeandikwa 0. Bwana Yesu alikuwa hajazaliwa.

Ila usiidharau orodha kwa ajili hiyo, ina mambo mazito. Angalia safu ya malipo. Vituo ambavyo watumiaji hawalipi chochote, vilivyokuwa vizima ni kama asilimia 45. Wanaolipa kwa ndoo, asilimia 68. Wanaolipa kwa mwezi, 66. Wanaolipa mara moja kwa mwaka, 75. Na hao wasiolipa ndio kundi kubwa kuliko yote, zaidi ya vituo 25,000.

Mtu asikimbilie kusema malipo ndiyo yanayoponya pampu. Inawezekana kabisa ni kinyume chake: nani atalipia pampu iliyokufa? Bado naona kuna kitu pale. Mahali palipo na mfuko wa pesa, mpira wa ndani ya pampu ukichakaa unanunuliwa wiki hiyo hiyo. Mahali pasipo na mfuko, mpira wa shilingi chache unaua kisima cha mamilioni.

Halafu mikoa. Iringa karibu asilimia 78 vilikuwa vizima. Lindi na Mtwara, kama asilimia 30. Nchi moja, wizara moja, sera moja. Ukiniuliza mimi, swali kubwa la orodha ile lilikuwa hapo, lakini sisi wa mashindano tulikuwa tunakimbizana na alama za ubashiri.

Spana Mkononi

Nimeweka kiti. Nasubiri wenye vitambi vya ofisini.

Mama Igunga

Kaka Kichanja, shikamoo kama umenizidi.

Mimi nataka niseme kuhusu sisi tunaochota. Kabla ya vihisi kulikuwa na "tuma meseji utoe taarifa". Mwasisi wa hizi mambo hapa nchini nakumbuka ni mradi ulioitwa Maji Matone, wa shirika la Daraja, miaka ile ya 2010. Mwananchi anatuma meseji kwamba bomba limekufa, taarifa inapelekwa kwa mhandisi wa maji na redioni. Kwa kweli lilikuwa wazo zuri. Walilenga meseji 3,000. Baada ya miezi sita ya matangazo walipata 53. Hamsini na tatu! Nawasifu kwa jambo moja: walitangaza wenyewe hadharani kwamba wameshindwa, jambo ambalo wenye miradi hawalipendi.

Sasa watu walikaa wakajiuliza kwa nini. Mtandao hafifu, sawa. Lakini wangeuliza mwanamke yeyote kisimani angewajibu bila utafiti. Anayechota ni mimi na watoto. Simu ni ya baba. Nimwombe baba simu, niweke salio, nimshtaki kiongozi wa maji ambaye ni shemeji yake, halafu jina langu lijulikane? Na nikishatuma, nani anakuja? Kama mwaka jana hakuja mtu, mwaka huu nitume ya nini? Nachukua ndoo naenda mtoni.

Hapo kihisi kina uzuri wake, lazima niwe mkweli. Kihisi hakimwogopi shemeji.

Kichanja

Mama Igunga, marahaba kwa niaba ya wakubwa wote humu. Hilo la shemeji sikuwa nimelifikiria kabisa. Kumbe kihisi kinaondoa mtu wa kulaumiwa. Nimelichukua.

Mwana wa Kyuso

Habari zenu majirani. Mimi natoka Kyuso, kaunti ya Kitui, Kenya, na hiki mnachojadili kilijaribiwa nyumbani kwetu, kwa hivyo niacheni niseme kidogo.

Mwaka 2012 na 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford waliweka vifaa ndani ya mipini ya pampu za mkono huku kwetu. Kifaa kinahesabu mpini unavyopanda na kushuka, kisha kinatuma hesabu kwa meseji. Hesabu ikishuka ghafla, ujue kuna shida. Kabla ya hapo pampu ikiharibika ilikaa wastani wa siku 27 bila kutengenezwa. Wakati wa majaribio ikawa chini ya siku tatu.

Hiyo namba ya siku tatu imezunguka dunia na kila mtu anasema ni kifaa. Kifaa hakijawahi kushika spana. Kulikuwa na kikosi cha mafundi ambao kazi yao ilikuwa ni hiyo tu, walikuwa na pikipiki, vipuri vilikuwa stoo tayari, na wakati ule wa majaribio kijiji hakikulipishwa matengenezo. Meseji ilikuwa inaingia kwa mtu ambaye tayari amevaa helmeti, kwa lugha ya kwetu.

Majaribio yalipoisha ndio kazi ngumu ilianza. Ikaundwa kampuni ya FundiFix, Kitui na Kwale. Kijiji kinaandikiana nayo mkataba, kinalipa ada kila mwezi, pampu ikiharibika wanakuja. Mpaka hapo ni sawa. Lakini ada ya wanakijiji peke yake haitoshelezi gharama, kwa hivyo kuna mfuko maalumu wa matengenezo unaojazia. Hilo watu wa slaidi hawapendi kulisema. Maji ya kijijini hayajilipii yenyewe, na hata ya mjini mara nyingi hayajilipii.

Kwa hiyo swali langu kwako bwana Kichanja: kwenye pendekezo lenu, meseji inaingia kwa nani?

Kichanja

Inaingia kwa "wadau". Nimeangalia tena karatasi. Limeandikwa hivyo hivyo, wadau.

Chuma Ulete

😂😂😂 Nilisema mimi.

Mchambuzi Mtaani

Mwana wa Kyuso umenikumbusha utafiti wa Rwanda uliochapishwa 2015. Huu kila mjumbe wa kamati ya maji angesomewa.

Walifunga vihisi vya simu kwenye pampu za mkono vijijini, halafu wakazigawa makundi matatu. Sikilizeni vizuri: makundi yote yalikuwa na vihisi. Kundi la kwanza liliachwa na matengenezo ya kawaida yaliyokuwepo, vihisi vilipima tu. Kundi la pili lilipewa fundi wa kuzunguka kwa ratiba. Kundi la tatu, taarifa za kihisi ndizo zilizomwita fundi, kama gari la wagonjwa.

Kundi la kwanza, nusu ya matengenezo yalichukua zaidi ya siku 152. La pili, 57. La tatu, 21. Na kwa wastani pampu zilizokuwa zinafanya kazi ni asilimia 68, 73 na 91.

Linganisheni la kwanza na la tatu. Kihisi kilekile, pampu zilezile za mkono. Tofauti ni fundi aliyekuwa anasubiri kuitwa. Ukifunga vihisi bila fundi unabaki kundi la kwanza, unahesabu siku 152 kwa usahihi wa hali ya juu.

Ila hapa nakupinga kidogo Kichanja. Uzi wako unaelekea kusema data haina kazi. Kundi la pili lilikuwa na fundi bila data ya kumwita, na likabaki kwenye 73. Fundi anayezunguka kwa ratiba anakwenda kwenye pampu nzima huku mbovu ikimsubiri kijiji cha pili. Data ndiyo iliyomtoa kwenye 73 ikamfikisha 91. Tusimtupe mtoto pamoja na maji ya kuogea, hasa kwenye uzi wa maji.

Kichanja

Nimekupata. Narekebisha swali: badala ya "vihisi vya nini", niulize "vihisi vinamwita nani". Naona ndipo uzi unapoelekea wenyewe.

Mtumishi Kivuli

Wakuu, nimefanya kazi kwenye sekta hii, nitaongea kwa tahadhari.

Jambo moja hamjaligusa: nani ana faida kisima kionekane kizima? Miaka ya nyuma taarifa zilitoka kijijini zikapanda wilayani, na kila zilipopanda zilipona. Kijijini pampu imekufa, kwenye kata inasuasua, wilayani inafanya kazi. Hakuna aliyedanganya sana, kila mmoja alipaka rangi kidogo.

Hata neno "kinafanya kazi" lina kona zake. Mpimaji akifika mwezi wa nne, masika, kila kisima kifupi kina maji. Akifika wa kumi, nusu ni vumbi. Wote wawili wameandika ukweli. Na pampu inayotoa ndoo moja kwa dakika ishirini mnaiitaje? Kwenye fomu ni nzima. Kwenye foleni alfajiri si nzima. Hapa ndipo kihisi kinamzidi mpimaji, kwa sababu chenyewe hakiji siku moja na kuondoka, kinakaa kisimani mwaka mzima.

Baadaye ukaja mfumo wa kulipa kwa matokeo. Benki ya Dunia mwaka 2018 iliidhinisha dola milioni 350 kwa maji na usafi wa mazingira vijijini, halmashauri 86 katika mikoa 17, na fedha inatoka kulingana na matokeo yaliyohakikiwa. Mimi naona ulikuwa uamuzi mzuri, kwa sababu kisima kilichokuwa kinatoa maji kilikuwa na thamani kuliko kisima kilichozinduliwa. Lakini nao una kishawishi chake: pesa ikifuata namba, namba itatafutwa. Bila mhakiki wa nje ni hatari.

Na tangu RUWASA, yaani wakala wa maji na usafi wa mazingira vijijini, ianze Julai 2019 mambo mengi yamebadilika. Wahandisi wa maji vijijini wako chini ya wakala badala ya halmashauri, vyombo vya watumia maji vinaajiri wahasibu na mafundi, kuna mfumo wa taarifa za vituo. Kwa hiyo Kichanja, kabla ya kusaini, hakikisha hao jamaa na vihisi vyao wanaongea na mfumo uliopo wilayani. Mashirika yana tabia ya kila mmoja kuja na ramani yake. Nimewahi kuona kijiji kina ramani tatu na pampu moja, nayo mbovu.

Spana Mkononi

Haya sasa ngoja niongee mimi ninayeingiza mikono kwenye grisi.

Mnazungumza siku 21, siku 3, mmesahau kuuliza siku hizo zinaliwa na nini. Mimi nitawaambia. Kufungua pampu ya Afridev ni kazi ya asubuhi moja. Ile pampu iliendelezwa Kwale na Malawi miaka ya 1980 makusudi ili mwanakijiji aifungue mwenyewe, mipira na bushi zake ni za kubadilisha bila winchi. India Mark II ni habari nyingine, pale unainua mabomba ya chuma, unahitaji vifaa na vijana wenye mgongo. Na kama maji yana tindikali mabomba ya chuma yanaliwa na kutu, unainua vipande.

Siku zinaliwa na kipuri. Duka la wilayani lina misumari, lina saruji, lina jezi za Simba na Yanga, halina mpira wa pistoni. Muuzaji ana haki, akinunua mipira ishirini itauzwa lini? Kwa hiyo naagiza mkoani au Dar, kipuri kinapakiwa kwenye basi, kondakta anasahau, kinarudi Dar. Hiyo ni wiki mbili na hakuna kihisi kilichohusika.

Data mngeitumia hapo. Hiyo orodha yenu ina aina ya pampu kwa kila kijiji, si ndiyo? Basi mtu ahesabu: tarafa hii ina Afridev ngapi, Nira ngapi, India Mark II ngapi, kwa mwaka zinakula mipira mingapi. Aweke stoo moja ya vyombo vyote vya wilaya, wachangie. Hesabu hiyo hata daftari linatosha. Bahati mbaya haina mashindano wala zawadi.

Mchambuzi Mtaani

Spana, umenichoma na umenifundisha. Safu ya aina ya pampu ipo, na hesabu hiyo ni kazi ya mchana mmoja. Tatizo ni umri wa data, ile ni ya zaidi ya miaka kumi iliyopita, pampu nyingi zimebadilishwa na mabomba ya mserereko au pampu za sola. Kichanja akipata orodha ya sasa ya eneo lenu kutoka wilayani, bila majina ya watu, anitumie, nitaifanya bure.

Mama Igunga

Na sola mmeigusa kidogo mkapita. Kwetu wameweka magati, yaani vituo vya kuchotea maji, ya sola yenye dira za malipo ya kabla, unagusisha kitufe maji yanatoka. Pesa haipotei mfukoni mwa mtu, hilo nalikubali, na mwenye gati anajua kila ndoo. Lakini bibi aliyekuwa anachotewa na jirani kwa hisani sasa jirani anaangalia salio lake. Na siku kitufe kikigoma, maji yapo, tanki limejaa, jua linawaka, na tumesimama na ndoo. Mtaalamu wa kukifungua yuko mjini. Zamani koki ikigoma tuliigonga na jiwe.

Chuma Ulete

Mama hiyo ya jiwe nimeipenda. Sawa, nakubali nilikuja na jazba. Swali la kweli sasa: hao jamaa mradi wao ni wa muda gani?

Kichanja

Miaka miwili.

Wakuu, nimeandika haya ya kupeleka kikaoni, mnikosoe. Tutawaambia vihisi tunavitaka, ila mkataba uwe na jina la fundi na namba yake mahali palipoandikwa "wadau". Stoo ya vipuri ianze kabla ya kihisi cha kwanza kufungwa, na tutaomba vyombo vya jirani tuchangie kama Spana alivyosema. Kipimo cha mradi kisiwe idadi ya vihisi vilivyofungwa, kiwe siku kutoka pampu kuharibika hadi kutoa maji, na zibandikwe ubaoni ofisi ya kijiji kila mwezi ili hata asiye na simu asome. Taarifa ziingie kwenye mfumo wa wilaya. Na tujue mwaka wa tatu ada ya kaya itakuwa shilingi ngapi, na nani atajazia pengo, maana jirani yetu wa Kyuso amesema pengo halikosekani.

Mwana wa Kyuso

Iko sawa. Ongeza pia: laini za simu zilizo ndani ya vifaa zitalipiwa na nani, na betri itabadilishwa na nani. Usikubali wakujibu "ni gharama ndogo". Ndogo ya nani?

Spana Mkononi

Na waulize pia kama kifaa kinazuia mpini kufunguliwa. Kuna vifaa vingine ukitaka kubadilisha beringi lazima uvunje lakiri, halafu wanasema umeharibu mali ya mradi.

Mtumishi Kivuli

Kichanja, kikao ni lini? Meneja wa RUWASA wa wilaya aalikwe kwa barua, isiwe kwa simu, na nakala iende kwa mtendaji wa kata. Ukihitaji mfano wa barua njoo inbox.